Nasaba ya Mkulima wa Kiingereza na Wale Walioiandika

Katika mijadala ya historia ya pwani yetu imekuwa desturi kuweka vitu viwili katika mizani: upande mmoja nasaba iliyohifadhiwa kwa masimulizi, upande wa pili hati iliyoandikwa. Khabari za Pate, zilizotolewa kwa Kiingereza na C. H. Stigand mwaka wa 1913 na baadaye kidogo kuchapwa na Alice Werner, zimepimwa mara nyingi kwa mizani hiyo. Kadhalika Historia ya Kilwa, iliyotufikia katika hati ya Kiarabu na katika maelezo ya Kireno ya João de Barros. Mpimaji husema kwamba masimulizi yana shaka, kwa kuwa waliohifadhi walikuwa na haja nayo. Ama hati, hiyo ni shahidi asiye na upande. Nia ya makala haya ni kuichunguza sehemu ya pili ya usemi huo. Tutafanya hivyo kwa kwenda mahali ambapo hati ni nyingi mno, yaani mashambani mwa Uingereza, na kuuliza swali jepesi: mkulima wa huko, asiye kabaila wala tajiri, nasaba yake yajulikanaje?

Jibu laweza kusemwa kwa maneno machache. Nasaba ya mkulima wa Kiingereza haikuandikwa na mkulima. Iliandikwa na kasisi, na mtoza kodi, na mwenye ardhi, na msimamizi wa maskini, kila mmoja kwa haja yake. Wala hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kuwawekea wajukuu jina la babu yao. Kwa hiyo anayezitumia hati hizo yampasa kuiuliza kila karatasi: aliyekuandika alitaka nini, na kwa nani?

Mifano mingi katika makala haya ni ya nchi nzima, lakini nitakaa zaidi katika parokia moja, Myddle, iliyo kaunti ya Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Sababu ni mbili. Kwanza, hati za Myddle zimechunguzwa kwa makini na mwanahistoria David Hey katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1974. Pili, mwenyeji mmoja wa huko, Richard Gough, aliyezaliwa mwaka wa 1635 na kufa mwaka wa 1723, aliandika kwa kalamu yake habari za koo za parokia nzima. Hivyo Myddle yatupa jambo lisilopatikana kwa urahisi penginepo: hati na masimulizi ya watu walewale, bega kwa bega.

Njia ya kurudi nyuma

Msimulizi wa nasaba huanza juu akashuka: fulani alimzaa fulani. Mtafutaji katika hati hufanya kinyume. Huanza na aliye karibu naye akapanda ngazi moja moja, wala hana ruhusa ya kukanyaga ngazi ya pili kabla ya kuithibitisha ya kwanza.

Ngazi za karibu ni rahisi. Tangu tarehe 1 Julai 1837 serikali imeandikisha vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales. Cheti cha kuzaliwa kilimtaja baba na mama. Ama cheti cha ndoa kilimtaja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Mama zao hawakuwa na nafasi katika cheti hicho hata ilipofika Mei 2021, yaani kwa muda wa karibu miaka 184. Hapa tayari twaona tabia ya hati. Haikusema uongo, ilinyamaza tu, na kunyamaza kwake kumeuvuta ukoo mzima upande wa kuumeni.

Pamoja na vyeti kuna hesabu ya watu, iliyoanza mwaka wa 1801 na kurudiwa kila baada ya miaka 10. Hesabu za mwanzo zilitaka idadi. Majina ya watu wote yalianza kuandikwa mwaka wa 1841. Hata hivyo makarani wa mwaka huo waliagizwa kuushusha umri wa kila aliyepita miaka 15 hadi tano iliyo chini yake, hivi kwamba mtu wa miaka 39 aliandikwa kuwa na 35. Na kuhusu mahali pa kuzaliwa waliuliza tu kama mtu amezaliwa katika kaunti ileile au sivyo. Ni mwaka wa 1851 palipotakwa umri kamili, uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba, na jina la parokia alimozaliwa. Jibu hilo la mwisho ndilo daraja. Mzee wa miaka 70 katika hesabu ya 1851 atutajia parokia alimozaliwa karibu na mwaka wa 1781, na kutoka hapo yatupasa kuingia kanisani.

Kabla ya kuingia, yafaa tukumbuke kwamba hati nazo hufa kama wazee wafavyo. Hesabu ya mwaka wa 1931 ya Uingereza na Wales iliteketea kwa moto mwaka wa 1942, na mwaka wa 1941 hapakuwa na hesabu kwa sababu ya vita.

Rejista za parokia

Mwezi wa Septemba 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Kitabu kilitakiwa kufungiwa ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi na mwingine kwa wazee wa kanisa, na maandishi yafanywe kila Jumapili mbele ya wazee hao. Watu wa mashambani hawakuipokea amri hiyo kwa furaha. Miaka miwili nyuma, wakati wa maasi ya kaskazini ya mwaka wa 1536, ilikuwa imekwisha enea habari kwamba mfalme anataka kutoza kodi kwa kila mtoto abatizwaye, kila mtu aoaye na kila maiti azikwaye. Kodi hiyo haikuja wakati huo. Ilikuja mwaka wa 1783: peni 3 kwa kila jina lililoandikwa katika rejista, isipokuwa la fukara, ikadumu mpaka mwaka wa 1794. Wasiwasi wa wakulima wa 1536 ulikuwa umekosea miaka tu. Na mtafuta nasaba anayeona neno fukara likiandikwa mara nyingi kupita kawaida katika miaka hiyo kumi na mmoja, asikimbilie kusema kwamba parokia ilipatwa na njaa. Huenda kasisi aliwahurumia watu wake.

Vitabu vya kwanza vilikuwa vya karatasi, na vingi vilioza. Mwaka wa 1598 ikaamriwa vinakiliwe juu ya ngozi, tangu mwanzo, na hasa tangu mwaka wa kwanza wa Malkia Elizabeth, yaani 1558. Wanakili wengi waliyashika maneno yale ya mwisho wakaanzia hapo, na hiyo ndiyo sababu rejista nyingi za Uingereza huanza mwaka wa 1558 wala si 1538. Amri ileile ilitaka nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Nakala hizo zimeokoa nasaba nyingi pale rejista yenyewe ilipopotea, ingawa mara nyingine hazipatani nayo, kwa kuwa mnakili naye ana mkono wake na macho yake.

Kisha likaja pengo kubwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka wa 1642, makasisi wengine walikimbia, wengine walifukuzwa, na vitabu vingi vikakaa vitupu. Mwaka wa 1653 bunge likaitoa kazi hiyo mikononi mwa kanisa, likaamuru pachaguliwe mwandishi wa kiraia, naye aandike siku ya kuzaliwa badala ya siku ya kubatizwa. Mambo yakarudi kama zamani mfalme aliporudi mwaka wa 1660, lakini nasaba zisizohesabika za Kiingereza hukatikia katika miaka hiyo 18.

Rejista za zamani husema machache. Aghalabu ubatizo humtaja mtoto na baba yake, na mama asitajwe. Maziko hutaja jina tu, bila umri, hivi kwamba hujui kama aliyezikwa ni mtoto au babu yake. Mambo yalitengenea kwa hatua mbili. Sheria ya ndoa ya mwaka wa 1753, iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754, iliwataka maharusi na mashahidi watie sahihi zao, na zaidi ya nusu ya wanawake wakatia alama tu kwa kuwa hawakujua kuandika. Sheria ya mwaka wa 1812 ikaleta vitabu vilivyochapwa mistari, ambamo ubatizo ulitaja kazi ya baba na makao yake, na maziko yakataja umri.

Ardhi na kodi

Nyuma ya mwaka wa 1538 mkulima hana kanisa la kumtaja. Anayemtaja ni mwenye ardhi. Sehemu kubwa ya mashamba ya Uingereza iligawanyika katika milki za mabwana, kila milki na baraza lake na karani wake. Mpangaji alipokufa, wajumbe wa baraza walilitangaza jambo hilo. Bwana akachukua mnyama aliye bora katika zizi la marehemu. Mrithi akaja mbele ya baraza, akathibitisha kuwa yeye ndiye mwana, akalipa ada ya kuingia, akapewa nakala ya maandishi. Nakala hiyo ndiyo iliyokuwa haki yake ya ardhi, na namna hiyo ya kumiliki haikufutwa mpaka tarehe 1 Januari 1926. Kwa mtafuta nasaba maandishi hayo ni hazina, kwa sababu hapa karani alikuwa na haja ya kujua barabara nani ni mwana wa nani. Lakini aliwajua wenye ardhi tu. Kibarua asiye na shamba, na ndugu mdogo asiyerithi, walipita mbele ya baraza kama kivuli.

Katika magharibi ya nchi, na Myddle ikiwamo, palikuwa na desturi nyingine: shamba lilikodishwa kwa maisha ya watu watatu. Mkataba ulitaja majina matatu, kwa kawaida mpangaji, mkewe na mwana wao, na ulidumu maadamu mmoja wao yu hai. Hivyo mkataba mmoja wa ardhi hutupa nyumba nzima kwa mstari mmoja.

Ama mtoza kodi, yeye alihesabu kwa namna yake. Kodi ya kichwa ya mwaka wa 1377 ilimtoza peni 4 kila aliyepita umri wa miaka 14. Ilirudiwa mwaka wa 1379, na ilipotozwa tena mwaka wa 1381 iliwasha maasi makubwa ya wakulima. Orodha zilizobaki ni shahidi mzuri wa wale waliolipa, na shahidi mbaya wa wale waliojificha. Baadaye, kutoka mwaka wa 1662 hadi 1689, palikuwa na kodi ya meko, shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko katika nyumba. Mwenye meko sita na mwenye meko moja hujulikana mara moja nani ni nani, na jina la aliyesamehewa kwa ufukara mara nyingi limeandikwa pia. Lakini ni jina la mkuu wa nyumba tu. Mke na watoto hawakuwa na meko yao.

Jina si mtu

Hapa mwanaisimu ana la kusema, kwa kuwa makosa mengi ya nasaba ni makosa ya lugha.

Majina ya ukoo ya Kiingereza yalianza kurithiwa polepole, takriban kati ya mwaka wa 1100 na 1400, kwa matajiri kwanza na kwa maskini baadaye. Kabla ya hapo mtu aliitwa kwa kazi yake, kwa mahali pake, kwa baba yake au kwa sura yake, na jina hilo laweza kufa pamoja naye. Fletcher alikuwa mtengeneza mishale, Walker alikuwa mkanyaga nguo za sufi, Webster alikuwa mfumaji. Lakini katika hati ya karne ya 13 hujui kama Fletcher huyo anatajwa kwa kazi yake au kwa ukoo wake. Baba aitwaye Smith na mwana aitwaye Johnson hawana ajabu yoyote katika wakati huo.

Upande wa Wales jambo hili liko wazi zaidi. Mwelshi alitumia neno ap, ambalo kazi yake ni ileile ya bin kwetu: fulani ap Rhys, ap Hywel, ap Hugh. Majina hayo yalipogandishwa na makarani wa Kiingereza, ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ap Hugh akawa Pugh. Bin ikamezwa ndani ya jina, na mnyororo wa mababu, ambao Mwelshi aliweza kuutaja kiungo baada ya kiungo, ukafupishwa kuwa neno moja lisilosogea. Jina la Richard Gough mwenyewe ni la asili hiyo: latokana na neno la Kiwelshi coch, yaani mwekundu, ambalo hulainika na kuwa goch linapomfuata mtu kama lakabu. Bila shaka babu mmoja alikuwa na nywele nyekundu. Karne nyingi baadaye wajukuu wake waliketi katika kanisa la Kiingereza wakibeba rangi ya nywele zake.

Tahajia nayo haikuwa na kanuni. Sahihi sita za Shakespeare zilizobaki hazifanani tahajia zote. Basi tutegemee nini kwa kibarua ambaye hakuweza kuliandika jina lake wala kumsahihisha karani? Karani aliandika alichosikia, kwa sikio la kwao. Kasisi mgeni aliyemsikia mtu wa mashambani akiidondosha h ya mwanzo aliandika jina linaloanza na a. Aliyemfuata akairudisha h, na pengine akaitia palipokuwa hapana. Msomaji wa orodha iliyopangwa kwa alfabeti huona koo mbili, kumbe ni mtu mmoja.

Kinyume chake hutokea pia, nacho ni cha hatari zaidi: mtu mmoja kwa macho, kumbe ni wawili. Katika karne ya 17 na ya 18 majina matatu tu, John, William na Thomas, yalitosha karibu nusu ya wanaume wa Uingereza. Katika kijiji kimoja binamu wawili waliozaliwa mwaka mmoja waliweza kuwa na jina moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tena mtoto alipokufa, wazazi mara nyingi walimpa jina lake mtoto aliyefuata. Anayekuta ubatizo wa John wala asitafute maziko yake aweza kumwozesha maiti, kisha akampa wajukuu.

Maneno ya udugu yana mtego wa namna hiyo hiyo. Neno cousin, ambalo leo ni binamu, zamani lilitumiwa kwa jamaa yeyote, kama tutumiavyo neno ndugu. Aliyeitwa father-in-law katika wasia wa karne ya 17 aweza kuwa mkwe, lakini pia aweza kuwa baba wa kambo. Nephew aliweza kuwa mjukuu. Na pale karani aliposema John mkubwa na John mdogo, hakudai kwamba mmoja ni baba wa mwenzake. Alitaka tu kuwatenga wanakijiji wawili wenye jina moja.

Mwisho kuna hesabu ya miaka. Mpaka mwaka wa 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Aprili 1720 na kuzikwa Februari 1720 hakuzikwa kabla ya kubatizwa: Februari hiyo, kwa hesabu yetu, ni ya mwaka wa 1721.

Maskini na hati zao

Mtu angedhani kwamba kadiri mtu alivyokuwa maskini ndivyo alivyosahauliwa na hati. Kwa sehemu ni kweli: asiye na mali hakuandika wasia, na mke wa mtu, kabla ya sheria ya mwaka wa 1882, hakuweza kuusia mali yake bila ya ridhaa ya mumewe. Lakini kuna mahali ambapo fukara ameandikwa kwa mapana kuliko jirani yake mwenye shamba, napo ni pale alipokuwa gharama kwa wengine.

Sheria ya mwaka wa 1601 iliibebesha kila parokia mzigo wa kuwalisha maskini wake kwa kodi ya wenyeji. Papo hapo pakazuka swali: maskini wake ni nani? Sheria ya mwaka wa 1662 ikajibu kwamba mgeni asiyeweza kupanga nyumba ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka aweza kurudishwa kwao, ikiwa atashitakiwa ndani ya siku 40. Baadaye, kwa sheria ya mwaka wa 1691, kijana asiyeoa aliyetumika mwaka mzima kwa bwana mmoja alipata haki ya kuwa mwenyeji wa parokia hiyo. Mke alifuata haki ya mumewe, mtoto wa ndoa alifuata ya baba yake, na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa mwenyeji wa mahali alipozaliwa. Hivyo asili ya mtu haikuwa tena jambo la fahari. Lilikuwa jambo la mkate. Kwa kuwa mtoto asiye na baba angekuwa mzigo wa parokia alimozaliwa, wasimamizi walimharakisha mwanamke mjamzito asiye na mume avuke mpaka kabla ya uchungu kumshika. Hata sheria ya mwaka wa 1795, iliyokataza kumhamisha mtu kabla hajaomba msaada, haikumkinga mwanamke wa hali hiyo. Mabwana nao wakajifunza kuajiri kwa majuma 51, ili mwaka usitimie.

Aliyeshukiwa alisimamishwa mbele ya mahakimu wawili akaulizwa: alizaliwa wapi, baba yake alikuwa mwenyeji wa wapi, alitumika kwa nani, kwa ujira gani, alimwoa nani, ana watoto wangapi na umri wao. Karani aliyaandika majibu, naye mhojiwa akatia alama yake chini. Karatasi hizo ndizo mara nyingi maisha pekee ya kibarua wa karne ya 18 yaliyosimuliwa kwa kinywa chake. Zinaweza kutupa vizazi vitatu katika ukurasa mmoja. Lakini yatubidi tukumbuke kwamba kila jibu laweza kumpatia haki au kumnyima; mwenye kujibu hakuwa mtu asiye na upande, wala mwenye kuuliza.

Karatasi hizi zavunja pia picha ya mkulima wa Kiingereza aliyekaa kijiji kimoja tangu enzi za kale. Ushahidi mwingine wazitia nguvu. Katika kijiji cha Clayworth, kaunti ya Nottinghamshire, kasisi William Sampson aliwaandika wakazi wote mwaka wa 1676 akawakuta 401, na akarudia mwaka wa 1688 akawakuta 412. Peter Laslett alipolinganisha orodha hizo mbili aliona kwamba kwa miaka hiyo 12 zaidi ya sehemu 60 katika 100 za wakazi walikuwa wamebadilika, kwa kufa au kwa kuhama. Idadi yasema kijiji kilisimama pale pale. Majina yasema kilipita kama maji ya mto.

Richard Gough na viti vya kanisa

Sasa turudi Myddle. Katika miaka ya 1700 hadi 1702 Richard Gough, mkulima mwenye ardhi yake aliyesoma Kilatini na aliyewahi kuwa karani wa kabaila mmoja, aliamua kuandika habari za parokia yake. Hakufuata mpango wa miaka, wala wa vyeo peke yake. Alichora ramani ya viti vya kanisa, kisha akapita kiti baada ya kiti akieleza ni cha nyumba gani na nyumba hiyo imekaliwa na watu gani. Wenye mashamba makubwa walikuwa mbele, wakulima wa wastani nyuma yao, na wenye vibanda mwisho. Kiti hakikuwa cha mtu bali cha nyumba na ardhi. Kwa hiyo kueleza haki ya kiti kulikuwa ni kueleza nasaba ya nyumba: nani alirithi, nani aliuza, nani alioa na kuingia.

Gough alizisoma hati za zamani, lakini zaidi alitegemea kumbukumbu, yake na ya wazee waliomtangulia. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Anatuambia kwamba kutoka vijiji vitatu, Myddle, Marton na Newton, walitoka wanaume 20 kwenda kumpigania mfalme katika vita vya 1642, na 13 kati yao wakauawa. Rejista haiwezi kutuambia hivyo: mtu aliyeuawa mbali hakuzikwa kwao, na miaka ile yenyewe ni ile ya pengo. Gough alikuwa na miaka saba vita vilipoanza. Aliyahifadhi mambo hayo kwa karibu miaka 60, na lau si yeye, mtafuta nasaba angewaona vijana hao wakibatizwa, kisha wakatoweka, akadhani wamehamia mji mwingine.

Wala Gough hakuwa mtu asiye na haja. Haki za viti zilikuwa heshima za watu, naye alikuwa na kiti chake. Katika kitabu hichohicho aliweka sehemu ya kesi za Myddle na parokia nyingine kuhusu wenyeji wa maskini, kesi zipi zilishindwa na zipi zilishinda; aliandika kama mlipa kodi asiyetaka kulishwa mzigo wa jirani. Aliwataja pia walevi waliokunywa mashamba ya baba zao, na wezi, na wanawake waliosemwa vibaya, kwa ulimi ambao nusu yake ni wa jirani. Hata hivyo David Hey alipoyapima maneno yake kwa rejista, wasia na mikataba ya ardhi, alimwona kwa sehemu kubwa kuwa ni wa kutegemewa. Masimulizi yalisimama mbele ya hati wala hayakuanguka. Tena ni yeye aliyezipa hati hizo maana: mkataba watupa majina matatu, Gough atwambia kwa nini la tatu halikurithi.

Hitimisho

Katika haya yote mwanafunzi wa nasaba aweza kuchukua kanuni tatu. Ya kwanza, hati ijulikane haja yake kabla ya kuaminiwa neno lake. Ya pili, jina lisichukuliwe kuwa mtu mpaka lithibitike kwa mahali, kwa kazi, kwa jamaa na kwa umri, na kila aliyebatizwa atafutwe pia miongoni mwa waliozikwa. Ya tatu, kimya cha hati kihesabiwe kuwa ni habari: mama asiyetajwa, kibarua asiye na ardhi na kijana aliyefia vitani walikuwapo, ingawa kalamu haikuwahitaji. Kanuni hizi ni za lazima zaidi leo kuliko zamani, kwa kuwa mamilioni ya majina ya rejista sasa yamo katika intaneti, na mashine humletea mtafutaji kila jina linalofanana kwa nukta moja. Mashine imeyarahisisha matafuto. Kupambanua bado ni kazi ya mtu.

Nasi wa pwani tuna la kujifunza zaidi. Ni kweli kwamba waliohifadhi nasaba za Pate na Kilwa walikuwa na haja nazo, na haja hiyo yafaa ichunguzwe. Lakini tukienda Uingereza kutafuta hati isiyo na haja, hatutaiona. Tofauti ni nyingine. Nasaba yetu ilihifadhiwa na wenyewe, waliotaka kujulikana ni nani. Nasaba ya kibarua wa Shropshire ilihifadhiwa na wengine, waliotaka kujua alipe nini au asilipwe nini. Kila moja yaficha kitu kwa upande wake. Mwanahistoria asiziweke katika mizani ili moja ishinde, bali azisomeshe pamoja, kama Gough alivyosoma mkataba mkononi huku akimsikiliza mzee wa kiti cha nyuma.